Kabureta ya Pijo ya Kanji

Miaka ishirini na sita watu wa Thika wameniita Mama Sabuni. Si ati nilikuwa nauza sabuni. Ni kwa sababu Kagwe alisimama katikati ya garej ya Kanji, akaninyooshea kidole yake imejaa grisi, akasema nimeosha pampu ya gari na maji ya sabuni. Mimi. Mtu ameshika kazi ya petroli tangu 1975. Na watu wakaamini, kwa sababu yeye alikuwa fundi na mimi nilikuwa mama wa kuosha spea.

Sijamsamehe. Nimeombewa kanisani, nimeambiwa nimwachie Mungu. Mungu ana kazi nyingi. Hii niliiweka mwenyewe.

Naitwa Syombua. Kwetu ni Ngoliba, huko chini mashariki ya Thika. Shule nilienda mpaka darasa la pili, mwalimu akahama, na mimi nikarudi kwa mbuzi. Nilipokuja Thika kutafuta kazi, Mzee Kanji, Mhindi mwenye garej, alinipa ufagio. Mwezi wa tatu akaniona nikiokota skurubu ndogo ndogo kwa mchanga, akaangalia mikono yangu.

"Wewe iko na vidole nyembamba," akasema. "Kuja."

Akaniwekea kabureta kwa meza, akaifungua kipande kwa kipande, akaniambia nirudishe. Nikarudisha, ikabaki skurubu moja. Alicheka. Mimi sikucheka, niliifungua tena yote, nikarudisha mpaka hakukuwa na kitu ya kubaki.

Kabureta haina uchawi. Petroli inaingia kwa kibakuli, kuna kitu inaelea hapo tunaita flooti, ikipanda inasukuma sindano, sindano inafunga njia. Injini ikivuta hewa, hewa inavuta petroli kupitia kwa jeti, kashimo kadogo huwezi pitisha uzi. Jeti hauchokori na waya. Ukichokora umeipanua, na gari itakunywa mafuta mpaka mwenyewe aiuze. Unapuliza na mdomo. Nimepuliza jeti miaka ishirini na tatu kwa hiyo garej, mpaka chai yangu yote ilikuwa na ladha ya petroli.

Lakini Mzee alikuwa na gari yake mwenyewe, Pijo 504 ya rangi ya maziwa, na hiyo haikuwa na kabureta. Ilikuwa injection, ile ya zamani ya chuma, kabla ya hizi kompyuta. Pampu kubwa ilikaa kando ya injini, inapimia kila silinda petroli yake. Mzee aliipenda kuliko watoto. Hakuna mtu alikuwa anafungua kitu hapo ila yeye na Kagwe. Mimi niliruhusiwa kuipangusa nje tu, na petroli na brashi.

Sasa sikia. Mwaka wa 1998 ndugu ya Mama Daksha, bibi ya Kanji, alikufa Nairobi. Wahindu hawaweki maiti, wanachoma hiyo siku ama kesho yake. Mama Daksha akaingia kwa Pijo asubuhi na mapema. Kabla ya Ruiru gari ikakohoa, ikakufa. Wakati alipata gari ingine akafika, ndugu yake alikuwa majivu.

Pijo ikavutwa na kamba mpaka garej. Kagwe akafungua paipu ya kuingia kwa pampu, na ndani kulitoka kitu nyeupe kama uji umelala. Akaweka maji kidogo, akasugua na vidole. Ikatoa povu.

"Hapa nani anaosha vitu?" akauliza.

Watu wote wakageuka, wakaniangalia.

Nilisema sijafungua. Nilisema mimi naosha na petroli. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Mama Daksha alikuwa amesimama mlangoni na sari nyeupe ya matanga. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Syombua, hata uso yake sikuona."  Mzee Kanji alionyesha geti na mkono.

Nilitembea mpaka stage ya matatu na ovaroli yangu mwilini. Mwisho wa mwezi Nzisa, msichana wangu, alitoka shule akiwa form two, karo hakuna. Na jina ilinifuata kila garej nilibisha. "Ni yule Mama Sabuni? Hapana, asante."

Nikahamia Mugutha. Nikaanza kutengeneza kabureta za jenereta, za pampu ya maji, za mashine ya kukata nyasi, kitu yoyote yenye mwenyewe haogopi jina. Mzee Kanji akafa, garej ikauzwa. Kagwe akafungua yake Ruiru, na bango kubwa. Nilikuwa nikipita hapo natema mate. Natema kando, lakini natema.

Sasa Februari hii, Jumatatu, gari inasimama kwa geti yangu. Mhindi anatoka, mwanaume wa miaka hamsini hivi, viatu safi.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa hapa kuna mama anajua kabureta."

"Marahaba. Kabureta ya nini?"

"Ya Pijo 504. Gari ilikuwa ya baba yangu. Ilikuwa injection, pampu ilikwama zamani, hakuna mtu Kenya hii anaitengeneza. Nimeamua kuweka kabureta. Fundi ametoa manifoldi, zile paipu za hewa, na kabureta kwa Pijo pickup, ameweka, lakini gari inamwaga petroli kama bomba. Anasema kabureta amesahau, siku hizi yeye ni kompyuta tu. Na mimi naitaka kabla ya Jumamosi."

 Nikashika geti.

"Baba yako alikuwa nani?"

"Kanji. Wa Thika. Mimi ni Jignesh."

Nilikuwa nimembeba huyo akiwa mdogo. Hakunijua, walimpeleka shule ng'ambo akiwa mtoto bado. Mimi sikumwambia.

"Na haraka ni ya nini?" nikauliza. "Gari imelala miaka yote hiyo."

"Ni mama. Sheetal, dada yangu, anamchukua mpaka Leicester, Uingereza, akae huko kabisa. Ndege ni Jumamosi jioni. Anataka kupanda hiyo gari mara moja kabla aende. Ana miaka themanini na tatu, mama. Hatarudi."

Hapo ndipo roho yangu ilianza kukimbia, na haikupumzika hiyo wiki yote. Kwa sababu watu walioona nikifukuzwa wamekwisha. Kanji ameenda, wale mafundi wengine wameenda. Ukitoa Kagwe, amebaki Mama Daksha. Akipanda ndege akijua ni mimi nilimnyima uso wa ndugu yake, basi itakuwa ni mimi. Hakuna mtu wa kuambiwa tena.

"Gari iko wapi?"

"Ruiru. Kwa fundi wa baba, Kagwe."

Nzisa aliniambia nisiende. "Mum, huyo mzee atakumaliza na pressure." Nikamwambia pressure nilikuwa nayo kabla ya Kagwe. Nikachukua brashi yangu, kopo ya petroli, na spana tatu. Nilichukua hivyo tu, na nilimfanya Nzisa aangalie ndani ya kikapu kabla nitoke, aone kila kitu.

Kagwe alikuwa amenenepa. Aliponiona alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Ngai! Mama Sabuni! Kumbe bado uko hai?"

"Nilikuwa nangoja utangulie."

Jignesh akatuangalia. "Mnajuana?"

"Sana," Kagwe akasema, na akamweleza hapo hapo, mbele yangu, na kicheko. Ati huyu ndiye aliharibu hii gari. Ati chunga asilete ndoo. Niliona uso wa Jignesh ukibadilika kidogo kidogo, mpaka ukawa uso wa baba yake ile siku ya geti.

"Ni kweli, mama?"

"Si kweli. Lakini leo ni Jumatatu, na ndege ni Jumamosi. Uko na mtu mwingine wa kabureta?"

Hakuwa naye. Akafungua boneti.

Nikainama kwa injini. Pampu ya injection walikuwa wameitoa, imelala kwa sakafu kama maini ya ng'ombe. Kabureta ilikuwa imefungwa sawa, sikatai. Lakini walikuwa wameacha ile pampu ya umeme huko nyuma karibu na tangi, ile ya injection. Hiyo inasukuma petroli kwa nguvu sana. Sindano ya kabureta ni kitu kidogo, itazuia hiyo nguvu na nini? Ndiyo maana ilikuwa inamwaga.

"Toa hiyo ya umeme," nikasema. "Weka kale kapampu ka pickup, kanasukumwa na injini yenyewe. Hapa kando mahali pake pako, pamefungwa tu na bati. Na paipu ya kurudisha petroli kwa tangi uifunge, kabureta hairudishi kitu."

Kagwe akakuna kichwa. Alijua ni ukweli na ilimuuma.

"Na tangi mmeifungua mkaangalia?" nikauliza.

"Tangi usiguse," akasema haraka. "Tangi nilichomelea mimi mwenyewe, tisini na saba, ilipigwa na jiwe. Welding ya mkono huu. Haijawahi toa tone."

Hiyo nilisikia, nikaiweka. Sikuwa najua tangi iliwahi toboka.

Kutafuta kapampu kulichukua Jumanne yote. Hiyo siku sikula. Jumatano tukafunga. Nilifungua kabureta mwenyewe, nikapuliza jeti moja moja, nikapima flooti na kucha yangu kama zamani. Kagwe alikuwa amesimama nyuma yangu anapumua kwa shingo yangu.

"Cucu, miwani unayo?" akauliza, kama mimi ni nyanya yake.

"Ninayo. Nakuona vizuri sana."

Jignesh akawasha. Ikakataa. Akawasha tena. Mara ya nne ikashika, ikanguruma, nikageuza skurubu ya mchanganyiko robo, robo tena, na ikatulia. Jignesh alipiga makofi kama mtoto. Mimi machozi yalinitoka, nikasema ni moshi.

Ilinguruma dakika kumi. Halafu ikakohoa. Hiyo kukohoa niliijua kabla ikufe.

Nikafungua kibakuli ya kabureta. Chini kulikuwa na kitu nyeupe, kama uji umelala.

 Niliketi kwa tairi ya zamani. Kagwe akatia kidole ndani, akachovya kwa kopo ya maji ya kunywa, akasugua, akainua mkono juu watu wote waone.

"Povu! Ona! Amerudia! Jignesh, si nilikwambia?"

Garej yote ikageuka, ikaniangalia. Na mimi nikawa tena na miaka arobaini na tano, na ovaroli, na geti iko pale.

"Angalia kikapu yangu," nikamwambia Jignesh. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwaga yote hapa chini."

Akamwaga. Brashi, kopo, spana mbili, ingine ilikuwa mkononi yangu. Akanusa kopo, ilikuwa petroli. Lakini aliendelea kuniangalia vibaya.

"Basi imetoka wapi, mama?"

"Kabureta ni mpya kwa hii gari. Kapampu ni kapya. Paipu mmeweka mpya. Kitu ya zamani imebaki ni gani hapo?"

Alifikiria. "Tangi."

"Shusha tangi."

"Hapana!" Kagwe akaruka. "Hizo nati zimeoza, zikikatika hiyo gari haiendi mahali Jumamosi. Huyu mama anataka kuharibu safari ya mama yako mara ya pili!"

Hiyo ilimfikia Jignesh. Niliona ikifika. Akasema atafikiria, akaenda. Alhamisi hakupiga simu. Nilikaa na simu kwa mapaja kutoka asubuhi, Nzisa ananiwekea chai inapoa, anaweka ingine inapoa. Nilihesabu: kesho Ijumaa, kesho kutwa ndege. Nikajiona nikifa na hiyo jina, mchungaji anaisoma kwa jeneza.

Ijumaa saa tatu simu ikalia.

"Mama, ukishusha tangi na hakuna kitu?"

"Mniite Mama Sabuni mpaka kwa kaburi, na mimi nitaitika."

Kagwe alikataa kushika spana. Alisema mgongo. Mafundi wake wakaangalia uso yake, nao wakapata migongo. Basi Jignesh akavua saa, akalala chini ya gari mwenyewe na shati yake nyeupe, na mimi nikapiga magoti kando, nikimwambia spana gani, upande gani, polepole, weka mafuta, ngoja, sasa. Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ililia sana, nikafunga macho. Ikatoka. Ya nne ikakatika, na Kagwe akasema "Eeeh!" kama mtu amefunga bao.

Lakini tangi ikashuka.

Tukaigeuza. Chini kulikuwa na kiraka nyeusi, lami imepakwa vizuri, laini. Jignesh akagonga na spana. Chuma inalia. Hiyo haikulia. Nikatoa kisu ya vitunguu kwa mfuko wa rinda, nikakwangua lami. Chini ya lami, kitambaa. Chini ya kitambaa, kipande ya sabuni, ile ya mche, ya kufulia nguo, imekandamizwa kwa shimo na kidole gumba. Alama ya kidole bado iko. Ile upande wa ndani ilikuwa imeliwa na maji ya chini ya tangi mpaka ikawa kamasi.

Wenye magari mnajua. Tangi ikivuja barabarani fundi anafinya sabuni hapo, petroli haiyeyushi sabuni, unafika nyumbani. Ni ya kufika nyumbani. Si ya kukaa mwaka. Maji ikiingia kwa tangi, na maji huingia, sabuni inakuwa uji, inapita hata kwa chujio.

Jignesh alisimama na hiyo kitu mkononi.

"Kagwe. Welding ya mkono huu?"

Kagwe alikuwa amekaa kwa pipa ya mafuta. Ghafla alikuwa mzee.

"Niliona tangi ikilipuka Makongeni," akasema. "Ikichomelewa. Jamaa alikuwa rafiki yangu. Sikuweza. Mzee aliniambia nichomelee, nikamwambia nimechomelea."

"Na ile siku povu ilitoka," nikamuuliza, "ulijua ni sabuni yako?"

 Alikuna goti.

"Kagwe, nakuuliza. Ulijua?"

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa na watoto wanne."

"Mimi nilikuwa na mmoja. Alikuwa form two."

Nikafunga sabuni kwa gazeti, nikaweka kwa kikapu.

Tangi ingine hatungepata hiyo siku. Nikasafisha kabureta tena, na kwa buti ya gari tukafunga mtungi wa petroli wa lita ishirini na mipira ya tairi, paipu ikapita chini mpaka kwa kapampu. Si kazi ya kujivunia. Usiku mzima niliona mtungi ukilegea, naona moto. Jumamosi asubuhi Jignesh akaendesha kutoka Ruiru mpaka Thika polepole, mimi nyuma sikio iko kwa buti, na Kagwe mbele. Jignesh ndiye alimlazimisha. Alimwambia, "Utamwambia wewe, na mdomo yako."  Kila mahali injini ilishusha pumzi nilishika kiti. Pale karibu na Ruiru mahali ilikufia ile siku, nilishika na mikono yote mbili. Ikapita.

Mama Daksha alikuwa amekaa kwa veranda, amevaa, na sanduku zake zimepangwa. Amekuwa mdogo kama ndege. Aliangalia Pijo kwanza, muda mrefu. Halafu akaniona.

"Hii ni Syombua?"

"Ni mimi, mama."

Uso yake ilifunga. Miaka ishirini na sita na bado ilijua kufunga. Nikafungua gazeti, nikaweka sabuni kwa meza yake, karibu na chai.

"Kagwe," Jignesh akasema. "Ongea."

Na Kagwe akaongea, kofia mkononi, akiangalia sakafu. Tangi, jiwe, sabuni, lami. Ati alijua. Ati aliacha nifukuzwe. Mama Daksha alimsikiliza mpaka mwisho. Akachukua ile sabuni, akaimwagia maji ya glasi, akasugua na hiyo mikono yake ya mifupa. Povu ikatoka, nyeusi kidogo, ikanukia petroli. Akaiangalia ikidondoka.

"Ndugu yangu," akasema. Halafu, "Syombua, mimi nilikuchukia kila siku. Kila siku, wakati ya maombi. Sasa mimi nifanye nini na hiyo?"

"Sijui, mama. Mimi pia nilikuwa na yangu."

"Unisamehe."

"Nimesikia," nikamwambia. Hiyo ndiyo nilikuwa nayo. Zaidi ya hiyo sikuwa nimebeba.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu amepewa bei ya haki. Akashika fimbo, akasimama, akatembea mpaka kwa gari. Jignesh akamfungulia mlango wa mbele. Akakataa.

"Mbele ni Syombua."

Miaka ishirini na tatu niliipangusa hiyo gari na sikuwahi keti mbele. Nikaketi mbele. Mama Daksha akaketi nyuma. Jignesh akageuza ufunguo, na gari ikasema tk. Betri. Mambo ya kabureta nilikuwa nimemaliza yote, lakini betri ilikuwa ya Kagwe.

Kagwe alikuwa amesimama kando ya maua, anatafuta mahali pa kuweka mikono.

Mama Daksha akashusha kioo.

"Kagwe," akasema. "Sukuma."

Na akasukuma. Kutoka veranda, kupita geti, mpaka kwa barabara, na kitambi chake chote, watu wa mtaa wanaangalia. Nilimwona kwa kioo ya kando, mdomo wazi. Jignesh alikuwa tayari kuachilia klachi. Nikamshika mkono.

"Bado," nikamwambia. "Mwache asukume kidogo."